Maktaba za Hesabu katika Kompyuta: Programu za Miliki na Programu Huria

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linalotokea ndani ya kompyuta bila watumiaji wengi kuliona, ingawa kazi yao yote hulitegemea. Mtabiri wa hali ya hewa, mhandisi anayepima uzito utakaobebwa na daraja, mchumi anayelinganisha bei za miaka ishirini, na hata mwanaisimu anayetafuta ni maneno gani ya Kiswahili huambatana katika maandishi ya maelfu ya kurasa, wote hutumia programu zinazoonekana kuwa tofauti kabisa. Hata hivyo, mtu akizifuata programu hizo hadi chini, atakuta kwamba sehemu kubwa ya muda hupotelea katika shughuli chache zile zile: kuzidisha majedwali ya namba na kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Shughuli hizo hazifanywi na programu ya mchumi wala ya mwanaisimu. Hufanywa na mkusanyo wa programu ndogondogo zilizoandikwa na watu wengine, mkusanyo ambao kwa desturi ya fani hiyo huitwa maktaba.

Neno maktaba lisimpotoshe msomaji. Hapa halimaanishi nyumba ya vitabu, bali ghala la taratibu zilizo tayari, kila moja ikiwa na jina lake, ambazo programu nyingine huziita zinapozihitaji. Ghala hilo ni la nani, ni nani anayeruhusiwa kulifungua aone kilichomo, na itakuwaje siku mwenye ufunguo akiondoka? Maswali hayo huonekana kuwa ya wanasheria, lakini yameamua mambo mengi katika sayansi ya miaka hamsini iliyopita.

Kazi ya kuzidisha majedwali

Jedwali la namba zilizopangwa kwa safu za mlalo na za wima huitwa matriksi. Na ichukuliwe mifano ya matriksi mbili, kila moja ikiwa na safu 1,000 za mlalo na 1,000 za wima, yaani namba 1,000,000. Ili kuzizidisha, kila namba ya jibu huhitaji mizidisho 1,000 na majumlisho karibu 1,000. Kwa kuwa jibu nalo lina namba 1,000,000, vitendo vyote hukaribia 2,000,000,000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu ya kazi hiyo kwa mistari isiyozidi kumi, na jibu lake litakuwa sahihi. Lakini programu ya fundi hodari, kwenye kompyuta ile ile, humaliza kazi hiyo upesi mara kumi zaidi, na si ajabu ikawa mara hamsini.

Tofauti hiyo haitokani na hisabati, maana vitendo ni vile vile. Hutokana na safari za namba. Seremala aliyeshika misumari mkononi hupigilia bila kusita. Misumari ikiwa mezani, atanyosha mkono; ikiwa kabatini, atasimama; ikiwa dukani mjini, atafunga karakana na kupanda gari. Chipu ya kompyuta huishi maisha hayo hayo. Ina nafasi chache sana mkononi, ina akiba ndogo karibu nayo, akiba kubwa kidogo mbali zaidi, na kumbukumbu kuu iliyo mbali kama duka la mjini. Namba moja ikitakiwa kutoka kumbukumbu kuu, chipu inaweza kukaa ikisubiri kwa muda ambao ingefanya mamia ya mizidisho. Kila namba ya mfano huu huchukua baiti 8, kwa hiyo matriksi zote tatu hujaza baiti 24,000,000, na akiba ya karibu haiwezi kuzibeba. Programu ya mwanafunzi, bila yeye kujua, humtuma seremala mjini kwa kila msumari.

Fundi hodari huzikata matriksi vipande vidogo. Huleta kipande kinachoenea katika akiba, hukitumia kwa kila kazi inayokihitaji, na hakirudishi mpaka kimekwisha faida. Tena hupanga namba za kipande hicho zifuatane, kwa sababu chipu za leo zinaweza kuzidisha namba nne au nane kwa amri moja zikiwa zimekaa foleni. Ukubwa wa vipande, mpangilio wao na amri zinazotumika hutegemea chipu yenyewe. Kazi iliyopimwa kwa chipu ya mwaka fulani haiwi mbovu chipu mpya ikitoka. Hubaki sahihi, lakini huwa nzito kama nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Maktaba ya namna hii huhitaji fundi aliye hai, anayeirudia kila kizazi cha chipu.

Jambo lingine linafaa kutajwa, kwa kuwa hupuuzwa sana. Kompyuta haiwezi kuweka tarakimu zote za namba. Hukata mwisho wake. Kwa sababu hiyo, kujumlisha namba zile zile kwa mfuatano mwingine huweza kubadilisha tarakimu za mwisho za jibu. Maktaba mbili zilizo sahihi zinaweza kutoa majibu yanayotofautiana kidogo, na mtafiti anayetaka kujua tofauti hiyo imetoka wapi hana budi kuusoma msimbo, yaani maandishi asili ya programu. Ikiwa maandishi hayo yamefichwa, hana pa kuanzia.

Jina moja, mafundi wengi

Maktaba za kwanza zenye sifa zilizaliwa katika vituo vya utafiti vya umma. Mwaka 1971 J. H. Wilkinson na C. Reinsch walichapisha kitabu chenye taratibu za aljebra zilizoandikwa kwa lugha ya ALGOL. Katika maabara ya Argonne, huko Marekani, taratibu hizo zilihamishiwa katika lugha ya Fortran, na matunda yake yakawa maktaba ya EISPACK. Ilifuatwa na LINPACK, ambayo mwongozo wake ulitoka mwaka 1979.

Mwaka huo huo wa 1979 C. Lawson, R. Hanson, D. Kincaid na F. Krogh walichapisha pendekezo dogo kwa umbo, kubwa kwa matokeo. Hawakudai kwamba wameandika msimbo wa kasi kuliko wote. Waliweka orodha ya majina ya shughuli za msingi, wakaeleza kila jina lipokee nini na lirudishe nini. Orodha hiyo huitwa BLAS. Mwaka 1988 iliongezewa shughuli za matriksi na mstari mmoja wa namba, na mwaka 1990 zikaongezwa shughuli za matriksi kwa matriksi. Kuzidisha matriksi mbili kukapewa jina la DGEMM, jina lisilo tamu ulimini, lakini pengine hakuna jina lililoitwa mara nyingi zaidi katika sayansi ya kompyuta.

Hekima ya pendekezo hilo ni kutenganisha jina na ndani yake. Mwandishi wa programu ya hali ya hewa huita DGEMM bila kujali ni nani aliyeitengeneza. Fundi wa chipu fulani huandika DGEMM yake, mwingine akaandika yake, na programu ya hali ya hewa haibadilishwi hata herufi moja. Maktaba ya LAPACK, iliyotoka mwaka 1992 kuchukua nafasi ya EISPACK na LINPACK, ilijengwa juu ya msingi huo. Jack Dongarra, aliyeshiriki katika karibu kila hatua hiyo, alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2021. Tangu 1985 yeye na Eric Grosse walikuwa wameanzisha Netlib, ghala ambalo mtafiti aliliandikia barua ya kompyuta akitaja utaratibu anaoutaka, na mashine ikamjibu kwa kumtumia msimbo wenyewe. Kabla ya hapo, mtu alisubiri utepe wa sumaku uje kwa posta.

Msimbo wa BLAS uliokuwa Netlib ulikuwa wa kielelezo: sahihi, unaosomeka, na wa polepole. Kasi iliachiwa wenye chipu. Makampuni kama IBM, Sun na Intel yakatengeneza maktaba zao, yakazitoa kwa lugha ya mashine tu, isiyosomeka na binadamu. Si haki kuzibeza: nyingi kati yake zilikuwa, na bado ni, kazi bora kabisa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa majina ya umma ulikuwa umefungwa tena kwa ndani.

Bure na huria

Hapa Kiswahili kina msaada ambao Kiingereza hakina. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na waandishi wake wametumia kurasa nyingi kuondoa utata huo. Kiswahili, kama Kifaransa, kina maneno mawili. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria hakina kizuizi. Tena neno bure lina maana ya pili, ya jambo lisilo na faida, na maana hiyo ni onyo zuri, kama itakavyoonekana.

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni yake maarufu, GPL, ilitoka mwaka 1989. Programu huria, kwa ufafanuzi wa wafuasi wake, ni ile ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuitumia kwa lengo lolote, kuusoma na kuubadili msimbo wake, kuigawa, na kuwagawia wengine mabadiliko yake. Bei haitajwi. Ni kwa ruhusa hiyo ya kubadili kwamba mwaka 2004 wataalamu waliokusanyika kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, bila kuomba kibali cha kampuni yoyote.

Katika hesabu, umuhimu wa tofauti hiyo ulidhihirika kwanza kwa njia ya kitabu. Numerical Recipes, kilichotoka mwaka 1986, kilieleza taratibu za hesabu kwa uzuri na kuzichapisha pamoja na msimbo wake. Maelfu ya wanasayansi walijifunza humo. Lakini msimbo ulikuwa na hakimiliki: mnunuzi aliweza kuutumia mwenyewe, ila hakuruhusiwa kuusambaza. Mtafiti aliyeingiza kurasa chache za kitabu hicho katika programu yake alijikuta hawezi kumpa mwenzake programu nzima. Mwaka 1996 Mark Galassi na James Theiler, wa maabara ya Los Alamos, walianza kuandika upya taratibu za namna hiyo chini ya leseni ya GPL, na kazi yao ndiyo maktaba ya GSL. Kwa upande wa MATLAB, ambayo Cleve Moler aliitunga awali kama chombo cha kufundishia na ambayo kampuni ya MathWorks imekuwa ikiiuza tangu 1984, John Eaton alianza mwaka 1992 kuandika Octave, iliyokusudiwa mwanzoni kuandamana na kitabu cha wanafunzi wa uhandisi wa kemia.

Isidhaniwe kwamba pande hizo mbili hazikutani. FFTW, maktaba ya Matteo Frigo na Steven Johnson wa MIT ya kuchambua mawimbi, hutolewa chini ya GPL, na asiyetaka masharti ya GPL huuziwa leseni nyingine. MATLAB yenyewe, programu ya miliki, hutumia FFTW.

Kisa cha maktaba ya Goto

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na njia mbili za kuipata kasi bila kuwategemea wenye chipu. Ya kwanza ni ya ATLAS, iliyotengenezwa na Clint Whaley na Jack Dongarra katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Maktaba hiyo, inaposakinishwa, hujaribu yenyewe maumbo mengi ya vipande, hupima muda wa kila umbo, na kuhifadhi lililoshinda. Kusakinishwa kwake kulichukua saa kadhaa, lakini haikuhitaji fundi anayeijua chipu kwa moyo.

Njia ya pili ilikuwa ya mtu mmoja. Kazushige Goto alikuwa mtumishi wa ofisi ya hataza ya Japani. Mwaka 2002 alikwenda Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya kwa mapenzi: kuandika kwa mkono, amri baada ya amri, kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Wengine walikuwa wakishughulikia zaidi akiba iliyo karibu na chipu. Goto alitambua kwamba kuna kizuizi kingine: chipu huwa na orodha ndogo ya kurasa za kumbukumbu inazozifahamu, na inapotakiwa kwenda kwenye ukurasa usio katika orodha hiyo, husimama. Alivipanga vipande vyake kwa kuiheshimu orodha hiyo, naye akaishinda mashine ya ATLAS na mara nyingi maktaba za makampuni yenyewe. Makala aliyoandika pamoja na Robert van de Geijn, iliyotoka mwaka 2008, bado ndiyo msingi wa kufundishia somo hili.

Maktaba yake, GotoBLAS, wanavyuo waliipata bila malipo. Hapo ndipo onyo la neno bure lilipo. Ilikuwa ya bure lakini haikuwa huria: matumizi ya biashara na kuigawa upya kulihitaji mkataba. Goto alipoondoka chuoni kwenda kufanya kazi katika makampuni, msimbo wake ulibaki bila mshonaji wakati ambapo chipu zenye amri mpya zilikuwa zikikaribia kutoka. Kama leseni ile ingebaki, kazi ya ajabu ya miaka mingi ingedumaa, si kwa kukosea hesabu bali kwa kuzeeka.

Mwaka 2010 toleo la mwisho, GotoBLAS2 1.13, lilitolewa chini ya leseni ya BSD, ambayo humruhusu yeyote kubadili na kusambaza. Mwaka uliofuata Zhang Xianyi na wenzake, katika Taasisi ya Programu ya Chuo cha Sayansi cha China, waliuchukua msimbo huo wakauita OpenBLAS. Haja yao ya kwanza inafundisha: walikuwa na chipu ya Loongson, iliyobuniwa China, na hakuna kampuni ya kigeni iliyokuwa na sababu ya kuishonea maktaba. Baadaye wachangiaji wa nchi nyingi waliongeza chipu za Intel, AMD, ARM, POWER na RISC-V. Leo mtu anayesakinisha NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, kwa njia ya kawaida kwenye Linux au Windows, hupata OpenBLAS ndani yake, na pengine hajapata kulisikia jina la Goto.

Chipu inapoulizwa jina

Maktaba ya Intel, iitwayo MKL, ni mfano wa upande wa pili, tena mfano wa leo, kwa kuwa sasa hutolewa bila malipo ila msimbo wake umefungwa. Inapoanza kazi, huiuliza chipu habari zake ili ichague njia inayoifaa. Kwa miaka mingi, swali la kwanza halikuwa unaweza kufanya nini, bali umetengenezwa na nani. Chipu ya AMD yenye uwezo wa kutekeleza amri za kasi ilijikuta ikipelekwa njia ya polepole kwa sababu ya jina la mtengenezaji wake. Suala kama hilo kuhusu vikusanyaji vya Intel lilikuwemo katika mashtaka yaliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani mwezi wa Desemba 2009. Katika mapatano ya Agosti 2010 kampuni ilitakiwa kuwaeleza wazi waandishi wa programu juu ya mwenendo huo. Watumiaji nao walikuwa wamegundua swichi moja ya siri iliyoilazimisha MKL ichukue njia ya kasi kwenye chipu za AMD. Mwaka 2020 toleo jipya liliiondoa swichi hiyo, ingawa matoleo yaliyofuata yaliboresha kwa kiasi njia ya chipu hizo.

Mwenye programu ana haki ya kuipendelea chipu yake, na huenda mahakama yoyote ingemkubalia. Tatizo la mtafiti ni jingine. Anapolinganisha kompyuta mbili ili aamue ni ipi itakayonunuliwa kwa fedha chache za idara, hudhani anapima chipu, kumbe anapima uamuzi wa mtu aliyeandika msimbo asioweza kuuona. AMD, kwa upande wake, iliijenga maktaba yake juu ya BLIS, kazi huria iliyotoka katika kundi lile lile la Texas na iliyopewa tuzo ya Wilkinson mwaka 2023.

Mahali ambapo njia bado ni nyembamba

Programu huria hazijashinda kila mahali. Hesabu za akili bandia leo hufanywa zaidi kwenye chipu za picha za NVIDIA, na DGEMM ya huko, pamoja na ndugu zake, hukaa ndani ya cuBLAS, maktaba ya bure iliyofungwa. AMD imeweka wazi msimbo wa rocBLAS yake, lakini programu nyingi zilikwisha kuandikwa kwa mfumo wa CUDA, uliotoka mwaka 2007, na hapo mfumo wenyewe ni wa kampuni moja. Hakuna orodha ya majina iliyokubaliwa na wote kama ile ya 1979. Aidha, maktaba huria zinazotumiwa na mamilioni hutunzwa na watu wachache mno.

Kwa chuo chenye kompyuta za kawaida, hali ni nyepesi zaidi. Mtumiaji wa R huandika amri ya sessionInfo() na kuona jina la maktaba ya BLAS inayotumika chini. Mtumiaji wa NumPy huandika numpy.show_config(). Kwenye Debian, BLAS ya kielelezo hubadilishwa kwa OpenBLAS kwa amri ya msimamizi wa mashine, na programu za watafiti hazihitaji kuguswa. Ni vizuri kupima kabla na baada kwa kuzidisha matriksi mbili za safu 1,000, na kuyaandika majibu yote mawili, tarakimu za mwisho zikiwemo.